Baa, Baraza na Majumba Yaliyotoweka Katikati ya Dar es Salaam

Mtu aliyehamia Dar es Salaam katika miaka ya karibuni huifahamu Posta kama mahali pa kupita. Anashuka kituoni, anakwenda benki au ofisini, anakula chakula cha mchana kwa haraka, na jioni anagombania usafiri wa kurudi nyumbani. Sisi tuliokulia Ilala katika miaka ya 1960 na 1970 tuliifahamu kama mahali pa kukaa. Mjini kulikuwa na viti, na viti hivyo vilikuwa kwenye veranda za mahoteli, kwenye migahawa ya kona na kwenye baa zilizofungua milango yake yote upande wa barabara, na mtu mwenye bei ya chai moja au soda moja aliweza kuketi hapo mpaka kivuli cha jengo la pili kikamfikia. Naandika juu ya majengo hayo kwa sababu mengi hayapo tena, na kwa sababu naona vijana wanaoipenda historia ya jiji lao wanahifadhi kwa bidii majina ya waliojenga na miaka ya ujenzi, ilhali wazee wanaoweza kusimulia yaliyokuwa yakifanyika ndani yake wanazidi kutuacha.

Pa kuanzia ni New Africa. Hoteli iliyopo leo karibu na Kanisa la Kilutheri la Azania Front ina jina lilelile, lakini jengo ni jingine. Lile la kwanza lilijengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20 na kuitwa Kaiserhof, wakati Dar es Salaam ilipokuwa makao makuu ya koloni lao, hadhi ambayo mji huu ulikuwa nayo tangu 1891. Waingereza walipolitwaa koloni baada ya Vita Kuu ya Kwanza, hoteli ikapewa jina la New Africa, na kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo hoteli ambayo kila mgeni mashuhuri alitegemewa kufikia. Kilichoifanya ikumbukwe hata na watu ambao hawakuwahi kulala ndani yake ni veranda yake ya mbele. Aliyeketi pale aliwaona wote waliopita kutoka upande wa bandari kwenda kwenye Sanamu ya Askari, na wao walimwona. Ukitaka kujua nani yuko mjini, ulipita mbele ya New Africa.

Ni lazima niseme pia kwamba kwa sehemu kubwa ya maisha ya jengo hilo, Mwafrika aliyeonekana kwenye veranda ile alikuwa amebeba sinia. Wakati wa ukoloni mahoteli ya Uzunguni yalikuwa ya Wazungu, na hadi miaka ya 1950 sheria zenyewe zilimzuia Mwafrika kununua pombe kali za kizungu; yeye alitengewa vilabu vya pombe za kienyeji, ng'ambo ya Mnazi Mmoja, upande wa Kariakoo. Ndiyo maana kwa kizazi cha baba yangu kuketi New Africa baada ya tarehe 9 Desemba 1961 lilikuwa tendo lenye uzito. Baba alikuwa karani, mshahara wake haukuwa wa kuchezea, lakini siku chache kwa mwaka alivaa koti, akaenda pale, akaagiza bia moja na kuinywa polepole akitazama barabara. Hakwenda kwa ajili ya bia, kwa kuwa bia ilikuwepo Ilala kwa bei nafuu zaidi. Alikwenda kukalia kiti ambacho alikwisha kukatazwa.

Miaka iliyofuata uhuru ndiyo iliyoipa veranda ile sifa iliyovuka mipaka. Chama cha FRELIMO, cha wapigania uhuru wa Msumbiji, kiliundwa hapa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na mwaka uliofuata Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ikaweka makao yake katika mji huuhuu. Vyama vya kupigania uhuru vya Afrika Kusini, Namibia, Rhodesia, Angola na Msumbiji vilikuwa na ofisi zao hapa, nyingi zikiwa vyumba viwili vitatu vilivyopangwa ghorofani juu ya maduka. Vyumba hivyo vilikuwa vidogo na vya joto, kwa hiyo mazungumzo yalihamia nje. Wapigania uhuru, mabalozi, waandishi wa habari wa kigeni na wale ambao kila mtu alijua ni majasusi walijikuta wameketi kwenye veranda moja, meza zikiwa zimekaribiana kiasi cha kusikilizana. Mwandishi wa Poland, Ryszard Kapuściński, ni miongoni mwa wengi waliopita hapo na baadaye wakaandika juu ya pilikapilika zake.

Mzee mmoja aliyekuwa mhudumu wa hoteli wakati huo, ambaye sasa anaishi Temeke na ambaye nilimtembelea kwa ajili ya kuandika haya, alinikatiza nilipoanza kumuuliza habari za vinywaji.

"Shikamoo mzee," nilikuwa nimemwamkia, nikaketi, nikatoa daftari.

"Marahaba mwanangu. Lakini naona unaanza vibaya. Usiniulize walikunywa nini. Niulize walikaa wapi."

Akanieleza kwamba wateja wake aliwajua kwa viti. Waandishi wa habari walitaka meza za pembeni kabisa mwa barabara ili wasipitwe na mtu. Wafanyabiashara walitaka chini ya feni. Wapigania uhuru, hasa baada ya Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, kuuawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi tarehe 3 Februari 1969, walitaka kiti chenye ukuta mgongoni, na kama hakuna kilichobaki, walisimama kaunta kwa muda kisha wakaondoka bila kuagiza. "Hakuna aliyetufundisha," aliniambia, "lakini sisi wahudumu tulianza kuwawekea viti vile kabla hawajafika." Sijasoma habari hiyo popote, na nimeiweka hapa jinsi alivyoisema.

Jengo lile la zamani lilivunjwa katika miaka ya 1990 na hoteli mpya ya ghorofa nyingi ikasimama mahali pake. Ni hoteli nzuri, sina neno nayo. Ila mlango wake ni wa kioo, na mtu hukaa ndani.

Kutoka hapo mpaka Sanamu ya Askari ni mwendo wa dakika chache. Sanamu yenyewe ni mfano wa kitu kilichochukua nafasi ya kingine: kabla ya kuzinduliwa mwaka 1927 kwa kumbukumbu ya askari na wapagazi wa Afrika waliokufa katika Vita Kuu, palikuwa na sanamu ya gavana wa Kijerumani Hermann von Wissmann, ambayo Waingereza waliiondoa walipouteka mji. Hapo ndipo unapoikuta barabara ambayo Wajerumani waliipanda mikakaya, Waingereza wakaiita Acacia Avenue, sisi tukaiita Independence Avenue, na sasa inaitwa Samora, kwa jina la Samora Machel, ambaye katika miaka yake ya FRELIMO aliutembea mji huu kwa miguu kama sisi wengine.

Kwenye barabara hiyo, katika kona ya Mkwepu, palikuwa na Salamander. Nikitakiwa kuchagua jengo moja tu la kurudishwa, nitachagua hilo, ingawa kuna mengine yaliyokuwa na sifa kubwa zaidi katika vitabu vya usanifu. Lilikuwa jengo la ghorofa chache, lisilo na majivuno, na chini yake palikuwa na mkahawa uliokuwa na baraza iliyoangalia barabara. Ukikaa pale saa nne asubuhi uliwaona makarani wa wizara, mawakili wakitoka mahakamani wakiwa wamekunja majoho mkononi, wauza magazeti, mabaharia wa Kigiriki na Kifilipino waliopewa ruhusa ya kushuka melini, na wanawake waliotoka Upanga kununua vitambaa. Meza zilikuwa ndogo, sakafu ilikuwa ya kupoa chini ya nyayo, na kelele za barabara zilikuwa sehemu ya mazungumzo. Wakati bei ya kikombe ilipopanda, baadhi yetu tulikuwa tukiagiza kahawa moja kwa watu wawili na hakuna aliyetufukuza. Palivunjwa katika muongo wa 2010, watu wa urithi wa majengo wakilalamika na magazeti yakiandika, na kilichofuata ni fensi ya mabati, winchi na jengo refu.

Nataka kueleza kwa nini kona ile ilikuwa na maana kuliko ukubwa wake. Katikati ya mji wowote kuna watu ambao hawana shughuli rasmi lakini wana sababu ya kuwepo: anayesubiri kuitwa ofisini kwa ajili ya hati yake, mzee wa kutoka mkoani anayemngoja mwanawe atoke kazini, kijana mwenye barua ya maombi ya kazi ambaye amefika saa mbili kabla ya wakati. Watu hawa wanahitaji mahali pa kuketi pasipo na maswali. Mkahawa wa kona uliwapa hilo kwa bei ya kikombe kimoja. Leo nawaona wamesimama kwenye kivuli chembamba cha nguzo, au wameegemea ukuta wa benki mpaka mlinzi awaambie wasogee, naye mlinzi anatimiza tu alichoagizwa.

Za sinema nitazitaja kwa pamoja, kwa kuwa zilikufa kwa pamoja. Empire, Empress, Avalon, Odeon, Cameo na New Chox zote zilikuwa ndani ya mwendo wa miguu, kiasi kwamba ukikuta tiketi zimeisha kwenye moja ulikimbilia nyingine kabla picha haijaanza. Jumapili ilikuwa siku ya picha za Kihindi, na familia nzima zilikwenda zikiwa zimevaa kama za kwenda harusini; siku nyingine zilikuwa za kareti na za wachunga ng'ombe wa Marekani. Wengi wetu tulijifunza kuujua mji kwa sinema zake: mtaa fulani ni ule wa nyuma ya Avalon, duka fulani liko mkabala na Empress. Video za kaseti zilizoingia miaka ya 1980 zilizipunguzia watazamaji, na televisheni zilizoanza kurusha matangazo Tanzania Bara mwaka 1994 zilimalizia kazi. Drive-In haikuwa mjini, ilikuwa kule Msasani, lakini siwezi kuiacha. Ilifunguliwa mwaka 1966, watu wakitazama picha wakiwa ndani ya magari yao, na wasio na magari wakitafuta upenyo. Mahali hapo sasa pana ubalozi wa Marekani, uliohamia hapo baada ya ule wa awali kulipuliwa tarehe 7 Agosti 1998. Ubalozi una zaidi ya miaka ishirini pale, na bado kuna watu wa Dar es Salaam wanaoelekezana Drive-In, wengine wakiwa wamezaliwa baada ya skrini kung'olewa.

Baada ya sinema watu walitaka kunywa na kucheza. Muziki wa dansi kwa sehemu kubwa ulikuwa nje ya eneo la Posta: kwenye kumbi za Kariakoo, Ilala, Magomeni, Kinondoni na Ubungo, ambako NUTA Jazz, Western Jazz, Dar es Salaam Jazz, na baadaye Orchestra Maquis na Mlimani Park walikuwa na mashabiki wao wasiobadilishika. Mjini kwenyewe palikuwa na mahoteli, na kila hoteli ilikuwa na tabia yake. Kilimanjaro, iliyofunguliwa mwaka 1965, ilikuwa na ukumbi wa Simba Grill kwa wenye uwezo. Twiga, Skyway na Embassy zilikuwa na baa ambazo mfanyakazi wa kawaida aliweza kuingia siku ya mshahara bila kujiuliza mara mbili. Kwenye baa hizo ndiko nilikoona kwa mara ya kwanza wakurugenzi na madereva wao wakinywa kwenye kaunta moja, kwa sababu kaunta ilikuwa moja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 baa hizo zilipitia kipindi kigumu. Bidhaa ziliadimika nchi nzima, sukari na sabuni vikawa vya foleni, na bia nayo ikawa inagawiwa kwa idadi. Ilikuwa kawaida mteja kuambiwa aje na chupa tupu ndipo auziwe iliyojaa. Nakumbuka mkahawa mmoja wa mjini ambao uliondoa bakuli za sukari mezani, chai ikawa inaletwa ikiwa imekwisha kutiwa sukari jikoni, kijiko kimoja kwa kila kikombe, na mhudumu alisimama karibu kusikiliza malalamiko kwa upole wa kweli. Lakini viti havikuondolewa. Watu waliendelea kuja, wakaketi mbele ya chai isiyo na utamu wa kutosha, wakazungumza mpaka magharibi. Hali ngumu ile haikuua mahali popote pa kukaa. Vilivyoviua vilikuja wakati wa neema, na jambo hilo nimelifikiria sana.

Mtaa wa Mkwepu unahitaji maelezo yake. Hapo palikuwa na Hoteli ya Mbowe, na katika jengo hilohilo baadaye pakawa na Bilicanas, klabu ya usiku ambayo kwa karibu miongo mitatu ilikuwa ndiyo jibu la swali la mgeni yeyote aliyeuliza mjini kuna nini usiku. Miaka ya 1980 ilikuwa miaka ya madisko, na kwa watoto kulikuwa na disko toto za Jumapili mchana, ambako wazazi waliwaacha watoto wao wakicheza na kunywa soda kisha wakawachukua kabla ya giza. Wanangu walicheza disko toto. Bilicanas nilikwenda mara chache, kwa kuwa umri wangu ulikuwa umeanza kuikataa sauti ile, lakini nilipenda kupita Mkwepu usiku na kuona taa, teksi zilizopangwa, wauza mishikaki na mayai ya kuchemsha, na wauza sigara waliobeba duka zima kwenye kisanduku. Mtaa mzima ulikuwa ukila kutokana na mlango ule mmoja. Mvutano wa kodi ya pango kati ya Shirika la Nyumba la Taifa na mpangaji wake ulifika mahakamani, mwaka 2016 shirika likalitwaa jengo, na baadaye likavunjwa. Kesi hiyo ilikuwa na siasa ndani yake na kila mtu ana upande wake. Mimi hapa nawazungumzia wauza mayai, ambao hawakuwa na upande na hawakuwa na mahali pa kuhamia.

Nimetaja Shirika la Nyumba, na hapo ndipo sababu za mambo haya zinapoanza kueleweka. Mwaka 1971 serikali ilipitisha sheria ya kutwaa majengo, ambayo iliyagusa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Majengo mengi ya katikati ya mji, hasa ya Uhindini, yalitoka mikononi mwa wenyewe yakaingia kwa Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 kazi za Msajili zikaunganishwa na Shirika la Nyumba. Kwa miongo miwili kodi zilikuwa ndogo mno. Kwa mpangaji hilo lilikuwa jambo jema, na ndilo lililowezesha mkahawa kuuza kikombe cha kahawa kwa bei ya mtu wa kawaida ukiwa kwenye kona ya thamani kuliko zote nchini. Kwa jengo lenyewe lilikuwa sumu ya polepole, maana kodi ile haikutosha kuziba bati wala kupiga rangi. Mabomba yakaoza, balkoni za mbao zikaliwa na mchwa, miche ikaota kwenye nyufa za kuta. Uchumi ulipofunguka na bei ya ardhi ikapanda, jengo la ghorofa mbili lililochakaa likawa linaonekana kama kiwanja kilichozibwa na takataka. Ubia kati ya wamiliki na wawekezaji ukafuata, na katika mahesabu hayo baraza ya mbele, ambayo haikuuza chochote isipokuwa kivuli, haikuwa na safu yake.

Sitaki kudai kwamba wajenzi wote wa majengo mapya ni watu wabaya au kwamba mji ungebaki kama ulivyokuwa. Watu wameongezeka, ofisi zinahitajika, na ghorofa refu linaweza kuwa jengo jema. Ila kasi ile ilikuwa na gharama ambayo hatuna haki ya kuisahau. Asubuhi ya tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Mtaa huo ulikuwa wa nyumba za ghorofa moja na mbili, zilizobeba vizazi vya watu kwa miongo mingi bila kumwangukia mtu. Nilisimama mbali na utepe wa polisi siku ile pamoja na mamia ya wengine, na mzee wa Kihindi aliyekuwa karibu nami alikuwa akitaja kwa sauti ya chini, nyumba kwa nyumba, majina ya familia zilizokuwa zikiishi upande ule wa mtaa kabla ya majengo kuanza kubadilishwa.

Majengo hayo ya Uhindini yanastahili kutazamwa kwa karibu yangali yapo machache. Ukisimama upande wa pili wa barabara katika mitaa kama Jamhuri, Mosque, Zanaki au India na kuinua macho juu ya mabango ya maduka, utaona sehemu ya juu ya ukuta wa mbele imepambwa kwa plasta: maua, jua lenye miale, herufi za jina la mwenye nyumba, na mwaka wa ujenzi, mara nyingi wa miaka ya 1920 au 1930. Fundi aliyeichora plasta ile aliifanya ikiwa mbichi, kwa mwiko na kisu, na alikuwa na muda mfupi kabla haijakauka. Chini yake kuna balkoni yenye nakshi, na chini ya balkoni kuna njia ya watembea kwa miguu iliyofunikwa. Hiyo njia iliyofunikwa ndiyo kiini. Nyumba baada ya nyumba zilitoa sehemu ya paa lake kwa mpita njia, hivyo mtu aliweza kutembea sehemu kubwa ya Uhindini mchana wa Februari, au katikati ya mvua za masika, bila kuchomwa wala kuloa, na kila baada ya hatua chache palikuwa na ngazi mbili za mlango wa duka ambazo mwenye duka hakujali zikikaliwa.

Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa zilizotumiwa na Wajerumani na waliojenga kabla yao, dari zilizoinuliwa, madirisha yanayokabiliana ili upepo wa baharini upite, veranda inayozuia jua lisifike ukutani, haya yote yalikuwa maarifa ya watu waliojenga mahali penye joto bila umeme wa kutegemea. Boma la Kale, la miaka ya 1866 na 1867 wakati wa Sultani Majid bin Said, bado linaonyesha hayo kwa yeyote atakayeingia ndani yake saa saba mchana na kuhisi tofauti. Jumba la Atiman lililo jirani ni la enzi hiyohiyo. Yamesalimika kwa kuwa kuna watu waliyapigania, na Boma la Kale limepewa kazi mpya ya kuhifadhi na kuonyesha urithi wa usanifu wa jiji, ambayo kwa maoni yangu ni kazi inayolifaa kuliko zote. Jengo la Kilimanjaro nalo limesimama, ingawa jina limebadilika na ndani yamebadilishwa mengi. Kwa hiyo siwezi kukubali kauli ninayoisikia kila mara kwamba kuhifadhi hakuwezekani katika mji unaokua.

Ninachoona kinawezekana ni kidogo na kinapimika. Mwenye kujenga ghorofa thelathini apewe idhini kwa sharti kwamba mita chache za chini, zile zinazogusa barabara, ziwe na paa, ziwe wazi, na ziwe na mahali ambapo mtu anaweza kuuza chai na mwingine akaketi kuinywa. Majengo ya zamani yalifanya hivyo bila kushurutishwa kwa sababu wenye nyumba walikuwa wakiishi ghorofani na wakishuka wao wenyewe kukaa barazani jioni. Wamiliki wa leo hawaishi ghorofani. Ndiyo maana inahitajika kanuni ya kuwakumbusha.

Kwa upande wangu nimeanza kuandika mji mtaa kwa mtaa, jengo kwa jengo, nikitumia kumbukumbu yangu na ya wazee wenzangu tunaokutana kunywa kahawa Ilala. Hatukubaliani kwa mengi. Kuna ugomvi ambao haujaisha kuhusu baa ya Twiga, kama kaunta ilikuwa mkono wa kulia au wa kushoto ukiingia, na wawili kati yetu wamenuniana kwa jambo hilo. Mkwepu tumeumaliza upande mmoja. Nkrumah ndio unaofuata, na New Chox imekwisha kuchorwa pamoja na mahali alipokuwa akisimama muuza karanga.

Picha ndizo zinazotupa tabu. Picha za zamani za New Africa na Salamander zinapatikana, lakini nyingi zilipigwa na watu waliovutiwa na jengo, kwa hiyo walingoja watu wapite ndipo wakapiga. Ninazozitafuta ni zile za albamu za nyumbani: baba na rafiki zake mezani, maharusi waliopita kunywa soda, shangazi aliyevaa gauni jipya siku ya Sikukuu ya Wakulima na nyuma yake ikaonekana nguzo, meza na mguu wa mhudumu. Aliye nayo asihangaike kwanza kuituma popote. Aichukue leo aende nayo kwa mzee anayewafahamu waliomo, na aandike majina yao nyuma kwa penseli, kwa kuwa wino wa kalamu hupenya karatasi.